Safu ya Makosa

Chokaa iliyobaki tulipopaka ukuta wa kanisa
ndiyo iliyochora mistari ya uwanja, hapa Pongwe,
na vituo vitatu ni magunia ya katani
yaliyojazwa mchanga, yakashonwa kwa sindano ya godoro.
Cha nne ni ubao. Hicho tunakiita nyumbani.

Mimi ni karani. Jumapili naandika sadaka,
nani kabatizwa, nani kafunga ndoa, nani katutoka.
Jumamosi naegesha baiskeli kwenye mkonge,
nanoa penseli kwa wembe,
naandika besiboli.

"Mchezo gani huu," aliniuliza mzee Kihiyo, mhazini wetu,
"mtu anatoka nyumbani, anakimbia roho mkononi,
halafu akifika alikotoka mnashangilia?"
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu fedha za mavuno.
Jibu lilinijia usiku, chandarua kimeshachomekwa,
nikaona uvivu kuamka kuliandika.

Lakini daftari ninalo, na lina safu nyingi:
waliopiga, waliofika, waliorudi,
na pembeni kabisa, nyembamba, safu ya makosa.
Mpira wa miguu hauna safu hiyo.
Kipa akitema mpira wanamtukana hadi Jumatatu,
wanasahau, au hawasahau, ila hakuna anayeandika.
Huku tunaandika. Jina, awamu, kosa.
Kisha mtu anarudi kusimama palepale, na glavu ileile.

Oswaldi Semkiwa, mshika mishumaa altareni, kidato cha tatu.
Awamu ya saba, watu wa Korogwe wawili njiani,
mpira ulimshukia kutoka juu kama kitu alichotumiwa,
wa kudakwa hata na bibi yangu.
Ukampita.
Jioni alinifuata hadi kwenye baiskeli.
"Mama Petronila, ufutio unao."
"Ninao."
"Basi."
Nikamwambia kitabu cha ubatizo nacho hakifutwi,
na jina lako limo humo, kwa mwandiko huuhuu,
hiyo S yangu imepinda vilevile.
Hakuona vinahusianaje. Aliondoka akipiga vumbi teke.

Jumamosi mbili hazikuchezwa, mvua ya vuli.
Ya tatu, Oswaldi akasimama na gongo,
Hoza mdogo yuko kituo cha tatu, miguu inamwasha.
Tulingoja aupige hadi kiwanda cha saruji.
Akalishusha gongo, akaugusa mpira tu,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa.
Ukadondoka, ukajiviringisha hatua tatu,
na walipokuwa wakiukimbilia ili wamtoe yeye
Hoza alikuwa ameshafika ubaoni, kifudifudi,
amejaa chokaa hadi kwenye nyusi, anacheka.

Oswaldi nje. Alijua atatoka.
Kanuni ya uandishi, na sikuitunga mimi, inasema
anayejitoa ili mwenzake arudi nyumbani
haandikiwi kwamba alijaribu akashindwa. Wastani wake haushuki.
Anaandikiwa neno moja,
lile ninaloandika kila Jumapili juu ya tarakimu.
Nililiandika polepole. Penseli ilikuwa butu.
Nyuma yake, kurasa mbili, kosa lake bado lipo, halijafifia.

Kesho yake, ofisini, mzee Kihiyo anajumlisha,
kidole kinashuka: elfu mbili, elfu tano, mia tano,
kikakwama.
Katikati ya safu, kwa wino, kwa mkono wangu:
Hoza, nyumbani.
"Huyu Hoza katoa shilingi ngapi?"
"Hakutoa, mzee. Katolewa."
Akavua miwani. "Katolewa na nani?"
Njoo Jumamosi, nikamwambia,
na uje na kofia, jua la Pongwe halina adabu.